Zege tunalifunika, kibarua tunamwacha juani

Slabu, ile sakafu ya zege ya juu, ikishamwagwa, kesho yake asubuhi anatafutwa kijana wa kuimwagilia. Magunia yanalowekwa na kutandazwa juu, mpira wa maji unafunguliwa asubuhi na jioni, na kwa siku saba hakuna anayeuliza bili ya maji itakuwaje. Mwenye nyumba hupiga simu akiwa ofisini: "Fundi, mmemwagilia?" Kila mtu kwenye saiti anajua kwamba zege likipigwa na jua kabla halijashika vizuri litapasuka. Sasa uliza wale waliolimwaga jana, kuanzia saa tano hadi giza linaingia, walikunywa maji kiasi gani na walipumzika kwenye kivuli kipi. Hakuna aliyehesabu.

Nimesimamia ujenzi wa nyumba za watu na maghorofa madogo hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu: Kigamboni, Goba, Madale, na kule ambako lami inaishia. Naandika kama mtu wa saiti. Tukizungumzia joto kazini, mazungumzo huishia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Ndoo ni muhimu, nitaifikia. Ila kwa niliyoyaona, anayeamua kama kibarua ataumwa na jua au hataumwa ni saa mlioanza kazi na namna mnavyomlipa. Hayo mawili yanapangwa na watu ambao hawapandi ngazi na karai.

Nianze na saa. Watu hupenda kusema zege halilali, na siku hizi wanalisemea mapenzi na biashara, lakini kwenye saiti ni kweli kama ilivyo. Ukiishaanza kumwaga slabu huwezi kukatisha katikati uje uendelee kesho, maana pale ulipoishia zege jipya halitashikana na la zamani, na hapo ndipo maji yatapita na ndipo ufa utatokea. Kwa hiyo saa ya kuanza ndiyo inayoamua mengine yote. Ukianza saa kumi na mbili alfajiri, kazi nzito inakwisha kabla jua halijasimama utosini. Ukianza saa tano, umewapeleka watu kwenye saa mbaya kuliko zote na huna ruhusa ya kuwarudisha.

Na mara nyingi tunaanza saa tano. Mashine ya kuchanganyia ilikodiwa ifike alfajiri, imefika saa tatu na haina mafuta. Lori la mwisho la kokoto liko kwenye foleni. Injinia anatakiwa kukagua nondo kabla ya kumwaga, na tangu saa mbili anasema yupo njiani. Wakazi wa Dar wanaijua hiyo "nipo njiani", mtu anaweza kuwa bado hajavaa viatu. Wakati huo vibarua wamekaa tangu asubuhi kwenye rundo la mchanga, wameshachoka kabla hawajashika koleo. Mambo yakikamilika wote tunageuka wakali: haya twendeni, haraka, zege halilali. Kuchelewa kwa watu watatu wenye simu na magari kunalipwa na watu ishirini wenye makarai.

Kuna wanaoniambia Dar hakuna joto kali, ni nyuzi 31 au 32 tu, mbona Dodoma linafika hapo na watu wanajenga. Hapo ndipo tunapodanganywa na kipimajoto cha ukutani. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka. Januari hadi Machi hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho linatiririka na kudondoka badala ya kukauka, na lisilokauka halikupozi. Ndiyo maana wataalamu wa joto la kazini hutumia kipimo kinachounganisha vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa kilicholowa, cha pili kimo ndani ya tufe jeusi linaloachwa juani, cha tatu ni cha kawaida. Kile chenye kitambaa peke yake hubeba asilimia 70 ya jibu, tufe jeusi 20, cha kawaida 10. Yaani hicho cha kawaida, tunachokisikia kwenye taarifa ya habari, ndicho chenye sauti ndogo kuliko vyote. Halafu ongeza mbao na mabati ya shata, ule ukungu unaoshikilia zege bichi, yanayorudisha jua usoni, na nondo ambazo saa saba mchana fundi lazima azimwagie maji ndipo azishike. Juu ya slabu ni sehemu tofauti na hali ya hewa ya Dar.

Kuhusu malipo. Vibarua wa zege hawalipwi kwa saa. Nyapara wao anapatana na msimamizi bei ya kazi nzima au bei ya kila mfuko wa saruji utakaochanganywa, halafu jioni wanagawana kwa vichwa. Mstari unajipanga wenyewe: wawili kwenye kokoto, wawili kwenye mchanga, mmoja anapasua mifuko, mmoja ana ndoo ya maji, waliobaki wanapokezana karai kutoka chini, ngazi kwa ngazi, hadi kwa fundi anayesambaza juu. Mtu mmoja akitoka kwenda kunywa maji, mstari unakatika. Kelele zinaanza: "We dogo, unatuchelewesha!" Hakuna bosi aliyekataza maji. Waliokataza ni wenzake, kwa sababu kila dakika ya mapumziko inatoka kwenye mifuko yao. Unaweza kubandika mabango ya usalama saiti nzima, lakini kama mapumziko yanamkata mtu hela, hatapumzika.

Nilimwona kijana mmoja kutoka Makete. Makete ni milimani, baridi ya kule mwezi wa saba unakuta barafu kwenye majani. Alikuja Dar kwa kaka yake, akalala siku chache, kaka akampeleka kwenye zege. Mgeni huwekwa pale pagumu "apimwe", kwa hiyo walimpanga katikati ya ngazi, anapokea karai kifuani na kulipandisha juu ya kichwa. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa msimamizi, nikiandika hesabu ya mifuko. Kama saa nane hivi alianza kuongea Kikinga na watu wasiojua Kikinga. Walicheka. Kisha akapokea karai akaliachia, likamwagika kwa aliye chini yake, naye akaketi palepale kwenye ubao akitazama mbele kama asiyeona.

Mmoja akasema malaria imempanda kichwani. Mwingine akasema huyu hajala. Nyapara akasema kalewa. Fundi mmoja mzee, mtu wa Tanga, akateremka kutoka juu akamgusa shingo, akasema, "Hilo ni jua. Mshusheni." Walimlaza chini ya mwembe wa jirani, wakamvua shati na gambuti, wakachota maji kwenye pipa la kumwagilia zege wakammwagia mwili mzima, huku mtu mmoja akimpepea kwa kipande cha siling bodi. Kaka yake alitaka kumnywesha soda. Mzee akamzuia: "Mdogo wako hajitambui, utampalia." Alipoanza kuitikia jina lake ndipo bajaji ikaitwa. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Aliendelea vizuri, alirudi Makete baada ya wiki hiyo. Jioni ile kwenye kugawana, nyapara alimhesabia nusu kichwa, na nauli ya bajaji ikakatwa humo humo. Mkandarasi hakutoa hata senti, na jina lake silitaji.

Mzee yule hakusomea popote, lakini alichofanya ndicho kinachofundishwa: poza kwanza, safirisha baadaye. Joto la mwili likifika nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, ubongo unaumia kila dakika inayopita. Kumpakia kwenye gari akiwa amevaa yote na kukaa naye foleni ya Mbagala nusu saa ni kumpikia njiani. Mvue, mlowanishe kwa maji mengi, mpepee, barafu iwekwe kwapani na shingoni kama ipo, asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Usimsubiri aache kutoka jasho ndipo uamini, mtu wa kazi nzito anaweza kuwa bado ameloa na huku ndani anaungua.

Na kwamba ilikuwa siku yake ya kwanza haikuwa bahati mbaya tu. Marekani, ambako vifo vya namna hii huchunguzwa na kuandikwa, karibu nusu ya wanaokufa kwa joto kazini hufa siku ya kwanza ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Mwili unahitaji wiki moja au mbili kuzoea: damu huongezeka maji, jasho huanza kutoka mapema na chumvi yake hupungua. Ushauri wa huko ni mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi ya joto siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 nyingine kila siku. Sisi tunafanya kinyume kabisa, mgeni ndiye tunayempima. Mimi sasa mgeni namweka kwenye kupasua mifuko au kukunja ringi za nondo chini ya kivuli, na kama nyapara hataki, hiyo siku analipwa na saiti nje ya hesabu yao. Bila hiyo hela ya pembeni mpango haufanyi kazi, nimejaribu kwa maneno matupu na haukufanya.

Ndoo ya maji, basi. Kinachopendekezwa ni glasi moja kila dakika 15 hadi 20 wakati wa kazi ya juani, na mtu asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi mno bila chumvi nayo yana hatari yake. Watu wetu hawanywi hivyo. Wanakaa hadi kiu iwashike, kisha wanabugia kopo zima mara moja. Nilichogundua ni kwamba ndoo ikikaa stoo karibu na msimamizi, hakuna anayeifuata. Ikikaa mguuni pa mtu wa kwenye mstari, inaisha. Sasa tunaweka mtu mmoja, kazi yake ni kupitisha maji kama karai linavyopita. Mstari haukatiki na hakuna wa kumpigia mwenzake kelele.

Kuna jambo ambalo wanaume wa saiti hatulisemi: choo. Saiti nyingi za nyumba za watu hazina choo hadi nyumba iishe. Wanaume wanaenda nyuma ya ukuta. Kina mama wanaochota maji na kupepeta mchanga hawana pa kwenda, kwa hiyo wanakunywa kidogo kwa makusudi tangu asubuhi. Mama mmoja aliniambia wazi, "Kaka, nikinywa hayo maji nitaenda wapi?" Unaweza kuleta maji ya kila aina, bila mabati manne na shimo hujafanya kitu.

Chakula cha mama ntilie kinasaidia kuliko vinywaji vya makopo: ugali, dagaa wenye chumvi, mchuzi, ndizi. Tatizo ni kwamba wengi hufika hawajatia kitu tumboni, wanasubiri saa nne, na katikati wanajazia na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, na kwa hilo moja serikali ilituokolea watu wengi kwenye mirunda, yaani miti ya jukwaa la kazi, ingawa gongo haijaenda popote. Kivuli nacho, ukiweza, kiwe cha makuti. Banda la bati lililoshushwa chini ni tanuri, turubai jeusi vivyo hivyo. Shati jepesi la mikono mirefu ni bora kuliko kifua wazi. Saruji mbichi ikichanganyika na jasho kwenye ngozi inachoma, nimeona magoti yaliyobabuka kwa mtu aliyepigia magoti zege mchana kutwa.

Rafiki yangu fundi nondo alifanya kazi Doha miaka michache. Ana malalamiko mengi kuhusu kule, ya pasipoti na ya mishahara kuchelewa, lakini kuna jambo moja hulisema kwa mshangao hadi leo: saa nne asubuhi filimbi inapigwa na watu wanateremka. Qatar tangu mwaka 2021 imekataza kazi za nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na kazi lazima isimame saa yoyote ile kile kipimo cha vipimajoto vitatu kikizidi nyuzi 32.1. Oman wana saa zao, sita na nusu mchana hadi tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Falme za Kiarabu nao wana zao. Sheria hizo zilikuja baada ya kelele nyingi na majeneza mengi ya Wanepali na Wahindi, na zinavunjwa pia. Lakini nyapara wa kule hawezi kusema hajui saa.

Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri awe na mahali salama pa kazi na maji safi ya kunywa. Tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayompa mfanyakazi saa moja ya kupumzika akishafanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ukiisoma hiyo na kuitazama siku ya slabu, unaona tunavyoishi mbali nayo. Kwenye saiti zangu wakaguzi wamekuja wakaangalia kofia ngumu, mikanda, kisanduku cha huduma ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupima joto. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2024 kwamba Afrika ndiyo inayoongoza kwa wafanyakazi wanaokabiliwa na joto la kupita kiasi, asilimia 92.9 ya nguvu kazi yote. Kwa takwimu hiyo ungetegemea hata kipimajoto kimoja kwenye gari la mkaguzi.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kwenye kilele chenyewe. Nusu ya mafundi wangu wanafunga. Kumwambia mtu avunje saumu si kazi yangu, kazi yangu ni ratiba. Mwezi huo zege linamwagwa alfajiri au usiku baada ya tarawehe kwa taa, na mchana ni kazi za ndani: plasta, mabomba, kukunja nondo. Majirani hulalamika juu ya mashine usiku, na wana haki. Tunaenda kuwaomba mapema, na tende kidogo husaidia.

Mvua ina hesabu zake, fupi zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa, mimi nasimamisha mashimo kwanza. Wanaochimba shimo la choo au msingi mrefu kwenye mchanga uliolowa ndio wanaofukiwa, na wakifukiwa hakuna koleo linalowahi. Mirunda ikilowa inateleza, bati moja likishikwa na upepo juu ya kenchi linamchukua aliyelishika, na waya za vaibreta, mashine ya kushindilia zege, zilizofungwa viraka vya nailoni haziguswi kwenye dimbwi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Zanzibar zilisimamishwa, lakini nilipita Goba nikakuta watu wako juu ya paa wanapiga misumari. Niliwaita. Fundi wao akanijibu kutoka juu, "Bosi, tukishuka hatulipwi." Tunarudi palepale. Kibarua anayeamka Chanika saa kumi usiku, akapanda daladala mbili, akafika mvua ikanyesha, hurudi na deni la nauli. Ndiyo maana hashuki.

Kwa hiyo sasa, kabla sijakubali kazi, naweka mistari minne kwenye mchanganuo wa gharama, kwenye sehemu ileile ya stoo na mlinzi: maji na barafu, banda la makuti, choo cha muda, na nusu siku ya malipo kwa siku ya mvua. Vifaa vya zege vifike jana yake, injinia akague nondo jana yake jioni, na ikifika saa mbili na nusu asubuhi hatujaanza, tunaahirisha hadi kesho na mashine inalipiwa siku ya pili. Hicho cha mwisho ndicho kinachogombaniwa sana. Mama mmoja ninayemjengea Kigamboni aliusoma mchanganuo wote kwa miwani, akatia tiki kwenye maji, kwenye banda na kwenye choo. Kwenye nusu siku ya mvua akaweka alama ya kuuliza. "Fundi, yaani nilipe watu waliokaa?" Nikamwambia ndiyo, mama, walikaa kwa sababu ya slabu yako. Akasema atazungumza na mzee. Masika yanaanza, bado hajanijibu, na msingi wa uzio haujachimbwa.